Nataka Upolisi kwa Ajili ya Mshahara: Je, Nitaishia Kula Rushwa?

SWALI

"Shikamoo mshauri. Nina miaka 22, naishi Kahama. Nilimaliza kidato cha sita, chuo sikwenda kwa sababu ya ada, sasa namsaidia shangazi kwenye banda la chipsi. Nataka kuomba polisi nafasi zikitangazwa. Tatizo ni kwamba nikijiuliza kwa nini naitaka kazi hii, majibu yanakuja mengi na mengine yananitia aibu. La kwanza ni mshahara. Nina wadogo zangu wawili wanasoma na nyumbani hali si nzuri. La pili, sifichi, ni sare. Nikimwona dada askari anapita mjini na watu wanampisha, natamani niwe mimi. La tatu, duka la baba lilivunjwa nikiwa kidato cha pili. Walimkata panga mkononi, na tulipokwenda kituoni tuliambiwa gari halina mafuta. Mpaka leo hawajakamatwa na tunawajua. La nne, kuna askari wa dawati la jinsia alikuja shuleni kwetu kuongea na wasichana, sijamsahau. Rafiki yangu wa kwaya anasema mimi sina wito, na mtu anayeingia polisi kwa njaa lazima ale rushwa. Mama hataki hata kusikia, anasema nitalaaniwa na watu. Mjomba anasema niende, serikalini hakuna kufukuzwa. Je, nia yangu ni mbaya? Na kwenye usaili wakiniuliza kwa nini nataka kuwa askari, niseme nini?"

JIBU

Marahaba binti yangu, na pole kwa yaliyompata baba.

Nikiyasoma maneno yako naona hofu moja imejificha chini yake yote. Umechungulia moyoni ukakuta njaa, tamaa ya sare na hasira, halafu utumishi ukaja mwisho kabisa, ukahitimisha kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuvaa sare ya umma. Rafiki amekuhukumu, mama amekukataza, mjomba anakusukuma, na kila mmoja ana uhakika kukuzidi wewe. Mimi ni mshauri wa saikolojia. Upolisi sijaufanya. Ninachokijua ni kile ambacho askari na wenzi wao wananiletea baada ya miaka kadhaa ya zamu za usiku, na mara nyingi mazungumzo hayo huishia pale pale ulipoanzia wewe: nilikuja kutafuta nini hapa?

Nianze na rafiki yako wa kwaya. Anaamini kwamba askari wema huingia na moyo mmoja uliotakata, na wabaya huingia na njaa. Wengi wanaamini hivyo, ila ukiwauliza askari wenyewe picha inayotoka ni nyingine. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Marekani, Raganella na White, walichapisha matokeo ya kuwauliza kuruta wa polisi wa jiji la New York kwa nini wameichagua kazi ile. Sababu zilizoongoza zilikwenda bega kwa bega: nafasi ya kusaidia watu, na uhakika wa ajira pamoja na mafao yake. Wanawake na wanaume hawakutofautiana sana, wala weusi na weupe. Najua New York si Kahama. Huku kwetu, ambako nafasi chache za serikali zinagombewa na vijana wengi mno, ningeshangaa kusikia kwamba mshahara una uzito mdogo kuliko kule.

Kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. White na wenzake waliwarudia askari wa kundi lile baada ya miaka sita ya kazi, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Sababu zilizowaleta kazini zilikuwa hazijabadilika sana. Waliokuwa na kinyongo na kazi walikuwa zaidi wale ambao kile walichokifuata hawakukipata. Kwa hiyo badala ya kujiuliza kama sababu zako ni safi, ningekushauri uzichukue moja moja na kuuliza: hii, kazi ya polisi itanipa? Na kama haitanipa, nitafanya nini na kiu yangu?

Mshahara kazi hii itakupa, na hilo si dogo. Unaingia kila mwezi, mwaka mzima, uwe na mvua au ukame. Kuna matibabu, kuna mafao ya kustaafu, na kwa baadhi ya vituo kuna nyumba za kota, japo usizitegemee. Kutaka kuwasomesha wadogo zako si njaa ya kuonewa aibu. Ni jukumu ambalo umelibeba ukiwa na miaka 22 kwa pesa ya chipsi, na kama kuna jopo la usaili litakalokudharau kwa hilo, mimi silijui. Kasoro ya mshahara ni nyingine: hauwezi peke yake kukuamsha saa tisa usiku kwenda lindo. Unamzuia mtu asiache kazi, basi. Nimekaa na askari ambao hawajaacha kazi kwa sababu ya mshahara na hawajaipenda kwa sababu hakuna kingine kilichowaleta, na hao ndio huwa wakali kwa raia bila sababu.

Sasa kuhusu rushwa. Rafiki yako amefunga mlango mmoja wakati mwizi anapita mwingine. Rushwa haimsubiri aliyeingia na njaa tu. Inaanza kwa namna ambayo hata msomaji Biblia mzuri anaweza asiitambue. Chukua mfano wa kaunta ya kituo, mchana. Mzee amekuja kumwekea dhamana mwanawe. Fomu zimejazwa, kijana ametolewa mahabusu, anarudishiwa mkanda na simu, anavaa viatu. Mzee anakunja noti ya elfu tano, anaisukuma chini ya daftari, anasema, "Mwanangu, mtakunywa maji." Hakuna aliyeomba. Konstebo mpya anamtazama koplo aliyemkuta kazini. Koplo anaendelea kuandika kama hajaona kitu. Somo limeshafundishwa pale, bila neno. Wiki chache baadaye ndugu wa mtuhumiwa mwingine wanafika mikono mitupu, na konstebo yule yule anajikuta anasema mkuu hayupo, njooni kesho. Dhamana, ambayo haiuzwi, imeanza kuwa na bei.

Utaona kwamba sababu aliyoingia nayo kazini haikuulizwa mahali popote. Kilichofanya kazi ni yule koplo, ni mkuu wa kituo anayejua na kunyamaza, ni msemo wetu wa mkono mtupu haulambwi ambao raia wenyewe tunautumia kujipa ruhusa. Na kuna kingine ambacho nakiona mno kwenye ushauri: madeni. Askari anapata ajira, ukoo mzima unapata ajira. Ndani ya mwaka ana mkopo wa benki, ana wa chama cha kuweka na kukopa, na mkononi ana kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kali, wa kuziba pengo la katikati ya mwezi. Mtu aliyebakiwa na kiasi kidogo kwenye akaunti tarehe ya mshahara anapita pembeni mwa elfu tano iliyo chini ya daftari kwa shida sana, hata kama alikuja na wito wa mbinguni.

Kwa hiyo kama unaogopa rushwa, na nafurahi kwamba unaogopa, usihangaike kuisafisha nia. Kaa na mama na mjomba kabla hujapata kazi mkubaliane ni kiasi gani kitakwenda kwa wadogo kila mwezi, na kwamba zaidi ya hapo hakuna hata kama umepandishwa cheo. Litakuwa zungumzo gumu, na wengine watasema umeanza kujisikia kabla hata hujavaa kombati. Lifanye hivyo hivyo.

Na mjomba wako, kwa heshima zote, amekosea. Polisi wanafukuzwa. Jeshi la Polisi lina utaratibu wake wa nidhamu, askari hushtakiwa kijeshi ndani ya jeshi, na akipatikana na hatia anaweza kuvuliwa sare na baadaye kufikishwa mahakama ya kiraia kama mtu mwingine. Anayekwenda huko akidhani amepata kiti cha kulalia hadi uzeeni atashangazwa.

Kuhusu sare sina mengi. Kila mtu anapenda kuheshimiwa, na binti ambaye hajawahi kusikilizwa anapomwona binti mwenzake anasikilizwa, lazima moyo uruke. Ila wale wanaompisha yule dada mjini, wengine wanampisha kwa heshima na wengine kwa kukwepa shari. Ukiivaa utagundua hilo haraka. Utagundua pia kwamba majirani wanabadilisha mazungumzo ukifika, na kwamba rafiki zako wanakutafuta pikipiki ikikamatwa. Siku mlevi atakapokutukana stendi mbele za watu, nawe una rungu mkononi, utajua kama uliipenda sare au ulipenda kuogopwa. Jijibu hilo sasa ukiwa bado umevaa aproni ya shangazi: wateja wakorofi wanapokutolea maneno, huwa unafanyaje?

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu huu.

Nyinyi mliona mkono wa baba unavuja damu, mkakimbilia mahali palipowekwa kwa ajili ya siku kama ile, mkajibiwa kuhusu mafuta ya gari. Hasira inayotoka hapo ina haki ya kuwepo. Ukiifuatilia utaona ni hasira mbili zilizoshikana mikono, moja kwa waliokata na nyingine kwa waliowajibu ovyo, na zinakupeleka njia tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya hatari kwenye sare. Nakuomba ufikirie jambo moja, bila kuharakisha. Ni usiku, uko zamu, kituo kimetulia, na miongoni mwa walioletwa mahabusu yuko mmoja wa wale mnaowajua. Ameletwa kwa kosa jingine kabisa, tuseme ugomvi wa kilabuni. Anakutazama. Hakukumbuki. Funguo ziko kwako. Unajiona ukifanya nini? Kama jibu lililokuja kwanza ni la kumwita mwenzako, kumweleza kwamba huyu mna historia naye na kwamba usihusishwe kwenye jambo lake, basi hasira yako ina lijamu. Kama limekuja jibu jingine, usijilaani, wewe ni binadamu. Lakini kazi hii usiiombe mwaka huu.

Nasema hivyo kwa sababu hasira ya namna hiyo haitambui sura. Askari aliyeingia kulipa kisasi mara nyingi hakutani kabisa na adui zake. Anapangiwa Mtwara au Rukwa, na hapo kila kijana anayeletwa amefungwa pingu anaanza kufanana na wale wa nyumbani. Ibara ya 13 ya Katiba inasema mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka itakapothibitika, na inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa. Mwenye kisasi anayajua maneno hayo, aliyafundishwa chuoni na akayajibu vizuri kwenye mtihani, ila usiku wa saa nane anayaona kama yanamlinda mwizi. Wengi wanaoniambia "sijui nini kilinipata siku ile" kilichowapata kilikuwepo tangu nyumbani.

Na hata ungepangiwa kituo kile kile, kesi ya baba isingekuwa yako. Wewe ni mtoto wa mlalamikaji na huenda ni shahidi. Mpelelezi wa kesi hiyo hawezi kuwa wewe, na ukijiingiza, wakili wa upande wa pili atakushukuru. Ukitaka haki ya baba, iko njia isiyohitaji ajira yako. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa ambalo adhabu yake kwa sheria zetu haipungui kifungo cha miaka 30, na kosa la uzito huo halifi kwa kuwa miaka imepita. Tafuteni ile namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yenu kituoni, mliyopewa siku ile, baba aende nayo kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na akizungushwa apande hadi ofisi ya kamanda wa mkoa. Aseme kwa maandishi kwamba watuhumiwa wanafahamika na mashahidi wapo. Nikiwa wewe ningeanza na hili kabla ya kujaza fomu ya ajira, ili siku unaomba kazi usiwe umebeba jalada la baba kwenye begi.

Hasira ya pili, ile ya kujibiwa kuhusu mafuta, naipenda. Wewe unajua jinsi dakika tano za kwanza mbele ya kaunta zinavyokaa kwenye kumbukumbu ya mtu. Hilo halifundishwi kwenye gwaride. Anayekuja na uso umevimba kuomba PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ili akatibiwe anakumbuka kama aliambiwa "pole, kaa hapa" au aliambiwa "umemfanya nini mumeo?" Mafuta yanaweza kweli yakawa hayapo, vituo vyetu vina uhaba mwingi, lakini kuandikiwa maelezo yako vizuri hakuhitaji lita hata moja. Tume ya Rais ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti mwaka 2023, iliundwa kwa sababu malalamiko ya raia kuhusu namna wanavyotendewa yalikuwa yamekuwa mengi. Wewe hukusoma malalamiko hayo kwenye ripoti, yalikupata. Ukiibakisha hasira hii na kuiachilia ile nyingine, una sababu nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusikia.

Hapo ndipo inapoungana na ya nne. Yule askari wa dawati la jinsia na watoto hukumtaja kwa sare yake, umemtaja kwa sababu aliongea nanyi. Nataka tu ujue kwamba dawati huchagui siku ya kwanza. Unaanza konstebo, na konstebo anakwenda anakopangwa. Kuna malindo ya benki na ya nyumba za wakubwa, ambako utasimama saa nyingi bila kutokea kitu. Kuna doria, kuna kusindikiza mahabusu mahakamani, kuna mechi za mpira, kuna misafara. Na kuna kuandika. Watu wanadhani polisi ni kukimbizana na majambazi. Sehemu kubwa ya kazi ni kalamu. Aliyepoteza kitambulisho, aliyetapeliwa kwa simu, aliyegombana na mpangaji mwenzake kuhusu maji, wote wanaandikwa, na kesi nyingi hufia mahakamani kwa sababu kuna aliyeandika maelezo kizembe siku ya kwanza. Kama una mwandiko unaosomeka na uvumilivu wa kumsikiliza mtu anayesimulia kwa kuzungukazunguka, una kipaji cha upelelezi na huenda hujui.

Nakutajia malindo makusudi. Mtafiti mmoja wa Marekani, Van Maanen, aliwafuatilia kuruta wa polisi katika miaka ya 1970 akaona kwamba ari yao huwa juu kabisa siku za mwanzo, kisha inashuka haraka ndani ya miezi michache. Kilichowashusha zaidi ni kugundua kwamba kazi yenyewe si ile waliyoiota, na kwamba njia salama ni kutulia na kufanya kama wakongwe wanavyofanya. Wenye moyo wa kusaidia ndio huumia zaidi hapo, kwa sababu wana kitu cha kupoteza. Ukilijua mapema hutadhani umekosea njia. Utajua ni ule wakati wa ari kushuka umefika. Ukiwa huko, omba kozi, omba kupelekwa dawati, na utafute wakubwa waliopitia kwenye Mtandao wa Polisi Wanawake, maana mwanamke mpya kituoni anahitaji mtu wa kumwambia ni amri gani ni ya kazi na ni ombi gani si la kazi. Hilo la mwisho nakusisitizia. Kuna wakubwa watakaotaka kingine kutoka kwa binti mpya, na hawatakutamkia wazi siku ya kwanza.

Kuna mambo utayaacha mlangoni pia. Katiba, ibara ya 147, inakataza askari kujiunga na chama cha siasa, ingawa kura utapiga. Sheria ya ajira na mahusiano kazini inayowaruhusu wafanyakazi wengine kuunda vyama vya wafanyakazi haiwahusu polisi, kwa hiyo ukionewa kazini njia yako ni ya ngazi za ndani, na ni ndefu. Utahamishwa. Sikukuu nyingi utazila kazini, kwa kuwa siku ambayo wengine wanasherehekea ndiyo polisi wanahitajika zaidi. Na kutakuwa na siku ya uchaguzi au ya maandamano ambapo utasimama na ngao upande mmoja na unayemfahamu amesimama upande wa pili. Swali la kwa nini ulichagua kazi hii litakuja siku hiyo likiwa na makali kuliko leo.

Mama yako anaiona siku hiyo. Usimchukulie kama mzazi mwoga tu. Yeye pia alikuwepo kituoni mlipoambiwa hakuna mafuta, na kwa Afrika nzima tafiti za maoni ya wananchi za Afrobarometer zimekuwa zikionyesha kwamba wananchi wanawataja polisi kuwa miongoni mwa wanaoongoza kwa rushwa. Anaogopa utakuwa mmoja wa wale mliokuwa mkiwasema mezani. Usibishane naye kuhusu mshahara. Mwulize angependa askari wa siku ile angefanya nini, kisha umsikilize mpaka mwisho.

Nisiwe mwongo kwako pia kwamba polisi ndiyo njia pekee. Kama kinachokuvuta zaidi ni yule askari wa dawati, kazi ile hufanywa pamoja na maofisa ustawi wa jamii, na kwa cheti chako cha kidato cha sita unaweza kusomea huko. Bodi ya Mikopo ipo kwa watoto wa hali kama yako, ingawa mkopo hauna uhakika na ajira baada ya chuo haina uhakika pia. Ni miaka mitatu ya kusubiri, na wadogo zako wanasoma sasa. Polisi unaanza kupata kitu mapema zaidi, na baadaye unaweza kujiendeleza ukiwa ndani. Ila dirisha lake ni dogo: matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakiweka kikomo cha miaka 25 kwa waombaji wa kidato cha nne na cha sita, na yametaka mwombaji awe hajaolewa wala kupata mtoto, asiwe na michoro mwilini, na awe tayari kufanya kazi popote nchini. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako neno kwa neno. Kama ningekuwa mjomba wako ningekwambia omba polisi safari hii na uombe chuo wakati huo huo, ukishughulikia lile la baba katikati. Lakini mwenye maisha ni wewe.

Kwenye usaili usikariri. Jopo limeshasikia "nataka kulitumikia taifa langu kwa uzalendo" tangu asubuhi, na yule wa mwisho mezani keshaanza kutazama saa. Sema ukweli uliopangwa. Kwamba unatoka familia inayokutegemea na unataka kazi ya kudumu. Kwamba uliwahi kufika kituoni ukiwa mhitaji na unajua inavyokuwa kwa raia. Kwamba ulimwona askari wa dawati akifanya kazi vizuri na ungependa kufika pale. Wakikuuliza kuhusu tukio la duka, lieleze kwa sentensi mbili na uwaambie mmelifikisha kwa wahusika. Ukijikuta sauti inatetemeka au unataka kuwahukumu wale vijana mbele ya jopo, ni dalili kwamba bado.

Na hapo maandishi yangu hayatoshi. Kama usiku bado unaota lile panga, kama mlango ukigongwa kwa nguvu moyo unakwenda mbio, kama hupiti mtaa ule, au kama lile swali la funguo limekupa jibu lililokuogopesha, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kabla ya kuomba. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ina wahudumu wa afya ya akili au maofisa ustawi wa jamii. Waambie ulishuhudia ukatili na unataka ushauri nasaha. Kidonda cha namna hiyo kinatibika, na kinatibika vizuri zaidi kabla mtu hajakabidhiwa silaha. Vilevile nenda kaongee na polisi kata wenu. Mwulize zamu yake ya jana ilikuwaje, saa kwa saa, halafu muulize tena ukija siku nyingine.

Nauli ya usaili anza kuiweka sasa, maana mwombaji hujigharimia mwenyewe hatua zote. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA linaandikwa sawasawa, kwani wengi hukwama hapo. Na akitokea mtu, awe afande au mjomba wa afande, anasema tuma laki tatu nikuwekee jina lako Moshi, kwenye shule ya polisi, mwite tapeli. Fomu ya polisi haiuzwi. Piga 113, ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu haina malipo.